Advansi

Fundi Chilewa alikuwa ameshaila fedha ya Mbeleje.
Hilo ndilo la kwanza kulijua.
Nusu ya bei, noti zenye harufu ya kambale mkavu,
alizipokea mwezi wa tano, ziwa likiwa bado limejaa
na vyura wa Bahi wakisikika hadi stesheni.
Akanunua bati, na sare za shule.
Kufika mwezi wa kumi maji yalikuwa yameondoka
bila kumuaga mtu.

Mimi nilikuwa mwanagenzi wake, mshika mbao.
Nilidhani tutarudi kwenye vitanda,
tano kwa sita, vile vya maua kichwani.
Akanitazama, penseli sikioni:
"Maji hayadaiwi. Nadaiwa mimi."

Basi tukaunda chombo vumbini.
Mninga ulitoka Manyoni juu ya lori la vitunguu,
kila ubao na muhuri wake wa maliasili.
Tezo ikasema, randa ikajibu.
Mataruma tuliyapinda kwa mvuke wa sufuria ya makande,
sufuria ya mkewe,
aliyetununia wiki nzima.
Majina ya viungo aliyachukua Mtera
kwa fundi mmoja mzaliwa wa pwani:
mkuku, omo, tezi, ngama.
Aliyatamka polepole, kama mtu anayehesabu
fedha ya nchi nyingine.

Watu walipita na punda wao, madumu matupu yakigongana.
"Jeneza hilo, fundi? Marehemu alikuwa twiga?"
"Abiria wako nani, mbuzi?"
Mwalimu Masima alisimama akacheka
mpaka akatafuta pa kukaa.
Chilewa alisukuma randa.
Unyoya wa mbao ukajikunja, ukaanguka,
ukajikunja mwingine.
Haya niliona mimi. Nilifanya kazi
nimeipa barabara mgongo.

Pamba na lami tulishindilia kila mshono.
"Kalafati," alisema.
"Kalafati," nikarudia.
Kisha kasia mbili, bapa lake pana
kama mwiko wa ugali wa msibani.

Mbeleje akaja na mkokoteni.
Akapitisha kidole toka omo hadi tezi
akitafuta mahali pa kulalamika.
Akalipa robo.
"Robo ya mwisho," akasema, "ukielea."

Mwaka mzima mtumbwi ule ulihifadhi uwele.
Kuku walitagia kwenye ngama.
Jua likaunyonya, mishono ikaachama
hata ungepitisha sarafu.
Fundi akipita pale aligeuza uso
kama anayepita kwa mkwe.

Mto wetu jina lake Bubu, na ni haki yake:
hautoi taarifa.
Usiku mmoja wa Januari tuliamka
miezi ni miwili, mmoja juu,
mmoja unatetemeka nje ya zizi la ng'ombe.

Tuliubeba watu kumi na mmoja,
mwalimu Masima mmojawapo.
Tulipoushusha, ukazama.
Mtu nyuma yangu akasema, "Ehee."
Lakini Chilewa, maji kifuani,
alikuwa anaupakia mawe kwa mikono yake,
anauzamisha zaidi.
"Uacheni unywe. Umefunga mwaka mzima."

Ukanywa siku nne.
Ncha ya omo tu ilibaki juu, na kunguru juu yake.
Siku ya tano tukatoa mawe,
tukakumba maji kwa sufuria ileile ya makande,
tukangoja, hakuna aliyeongea.
Sakafu ya ngama ikabaki ilivyo.
Ikaanza kukauka.

Penye omo, ndani ya kalafati,
punje ya uwele iliyosahaulika ilikuwa imechipua,
jani moja, la pili likichungulia.
Nikanyoosha mkono niing'oe.
Mbeleje akanipiga vidole.
"Huyo abiria," akasema, "kalipa tangu mwaka jana."

Akafungua fundo la khanga, akatoa robo yake.
Fundi akapokea bila kuhesabu.
Alikuwa anautazama mstari wa maji ubavuni,
jicho moja amelifumba,
penseli sikioni.