Mada

Ankara ya kiwanda cha mbao imepotea,
na Tiiu wa uhasibu anaapa hakuiona.
"Aita," akasema meneja Ülo, theluji ingali mabegani,
"washa daftari. Kila barua ipitayo iandikwe."

Nikashuka kwenye chumba cha seva.
Nje, Tartu nzima kimya, mto umeganda.
Nikaongeza mstari mmoja kwenye kanuni:
mtumaji, mpokeaji, tarehe, mada.
Iandike, kisha iache ipite.
Mada sikuagizwa. Niliiongeza mwenyewe.

Njia ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu:
aliyeigusa kwanza yuko chini kabisa,
na kila lango hugonga muhuri wake juu ya wa mwenziwe.
Tarehe usiiamini sana.
Iko kompyuta moja kule Võru
ambayo tangu Oktoba haijarudishwa saa nyuma;
barua zake hufika kabla hazijatumwa.

Saa nane usiku kiwanda kikaituma tena,
nami nikaiona ikipita, ikaenda
kwa Tiiu mwingine, aliyestaafu miaka mitatu iliyopita,
ambaye sanduku lake hakuna aliyelifunga.
Kulifunga ilikuwa kazi yangu.

Ningezima hapo hapo. Sikuzima.

*Majibu ya kipimo.*
*Kuhusu nyumba ya mama*, mara ya tano, ndugu wawili wakijibizana.
Moja haina mada kabisa, kutoka kwa Ülo, kwenda kwa Ülo.
Halafu Raivo, tunayetazamana naye meza kwa meza
mwaka wa tisa sasa, kwa kampuni fulani ya Riga:
*Maombi ya nafasi ya kazi.*

Sikufungua kitu. Bahasha tu, nilijiambia,
hata tarishi husoma bahasha.
Lakini macho hayana pazia.

Asubuhi Raivo akanimiminia kahawa.
"Umeipata?"
"Nimeipata," nikasema,
na uso ukanipata moto, kana kwamba mwizi ni mimi.
Akanitilia sukari. Miaka tisa, na anajua
kwamba situmii sukari.

Nimelifuta neno lile kwenye kanuni.
Nimelifunga sanduku la Tiiu wa kwanza.
Daftari la usiku ule litajifuta lenyewe siku ya saba,
bila kumwuliza mtu.

Raivo hajaniambia bado.
Jioni, nikipiga mswaki,
najizoeza kushangaa.