Chini ya Asilimia Moja

Julai. Loleza umejifunika ukungu hadi shingoni,
nami maabara napasha vidole kwenye pumzi ya mashine.
Koplo Mwaijande ameleta kiroba,
kamba ya katani, lakiri nyekundu:
kielelezo namba saba,
Jamhuri dhidi ya mkulima wa viazi wa Umalila
aliyepanda kitu kingine katikati ya matuta.

Ni bangi, au si bangi?
Mahakama haina swali la pili.
Ni bangi, Mheshimiwa. Naandika, nagonga muhuri.

Lakini karatasi inayotoka kwenye mashine
ina milima zaidi ya mmoja.
Ule mrefu anaujua kila mtu, ndio wenye kesi,
ndio unaomchekesha mtu peke yake barabarani.
Pembeni yake kichuguu,
karibu kipotelee kwenye mstari wa chini
kama Tukuyu inavyopotea mvua ikishuka.
Kanabijeroli.
Jina refu, la kumwitia mtoto ukiwa umekasirika.

Nimesoma habari zake usiku, blanketi mabegani.
Mmea ukiwa mchanga, asidi yake ndiyo hutangulia,
na wengine hutokana nayo:
huyu wa kulevya, yule wa kutuliza kifafa,
kila mmoja anakata kipande chake na kuondoka,
mpaka mmea unakomaa
mama amebaki chini ya asilimia moja.
Yeye halevyi.
Anafungwa tu pamoja na wanawe.

Wanasema
(na hii "wanasema" niishike kwa mikono miwili,
isinimwagikie kama uji wa moto)
aliwahi kushusha presha ndani ya jicho la paka.
Utumbo wa panya uliovimba ukatulia kidogo.
Kwenye kisahani cha kioo akawasumbua bakteria sugu,
wale wanaozicheka dawa za wodini.
Paka. Panya. Kisahani.
Hakuna bibi wa Kyimo kwenye orodha.

Mama yangu yuko Kyimo.
Jicho la kushoto limeshafunga duka.
La kulia linachungulia dunia kwa tundu la ufunguo:
ndizi analiona, mgomba hauoni.
Matone ya hospitali anayabana
kama mafuta ya taa mwisho wa mwezi,
leo tone, kesho hakuna,
"yasije yakaisha kabla yangu."

Nilimweleza Jumapili, tukimenya ndizi za mbalaga.
Sikumwambia kama dawa. Nilimwambia kama habari.
Akanyamaza, kisu kikilitafuta ganda kwa kugusa.
Kisha: "Subilaga, huyo mama wa bangi,
watoto wakishammaliza,
wanamtumia hata sabuni?"
Akacheka mpaka akakohoa.
Nami nikacheka,
halafu nikaanza kuhesabu
mara ya mwisho nilituma lini.

Ijumaa tukachoma vielelezo.
Hakimu, koplo, mimi na daftari,
kila mtu akihama upande usio na moshi,
na upepo wa Mbeya ukihama naye.
Sikuchukua hata jani.
Naliandika hili kwa sababu nilifikiri.
Jani si tone. Kati ya jani na tone
kuna shamba lenye kibali, miaka,
watu wenye subira kuliko mimi,
na macho mengi yatakayokubali kupimwa
kwa jibu ambalo huenda likawa hapana.

Kwenye ile nafasi ya maoni, chini ya muhuri,
ambayo hakuna wakili aliyewahi kuisoma,
niliandika kwa herufi ndogo:
Kilima cha pili kimeonekana. Hakijaulizwa.

Nikapita duka la dawa Kabwe,
chupa mbili za matone, yaleyale ya siku zote,
mshahara ukalia kidogo.
Nikampa Gwantwa wa parachichi, anayerudi Kyimo jioni.

Saa mbili usiku simu ikaita.
"Zimefika. Zina baridi kama maji ya Kiwira.
Ndaga, mwanangu."
Nyuma ya sauti yake nikasikia mvua kwenye bati,
na yeye akihesabu kwa sauti, polepole:
moja.
Akanyamaza kidogo, kama anayefikiria kujinyima.
Mbili.