Saa Tatu ya Usiku

Blaenau Ffestiniog, Januari.
Mawingu ya hapa hayapiti, yanakaa,
yameatamia vifusi vya mawe ya paa
kama kuku mwenye hasira.
Waya wangu wa shaba unatoka dohani
hadi mti wa jirani, unachuruzika.

Nina daftari nne, jalada gumu,
pauni moja na nusu kila moja, dukani kwa Pugh.
Kila niliyemnasa hewani nimemwandika:
mwito wake, masafa, nguvu ya sauti,
na saa.
Mhunzi wa Tartu. Daktari wa meno, Azori.
Mtu wa Halifax aliyekuwa akikaanga vitunguu;
niliyasikia mafuta.

Wiki tatu nimepakia yote winguni,
ukurasa kwa ukurasa, nikitoka zamu ya jikoni,
vidole vinanuka sabuni.
Kanuni ya wingu ni moja tu, na ni ya haki:
ushahidi wa mmoja hautoshi.
Niliyesema naye, naye aseme alisema nami,
saa ile ile, zikipishana zipishane kidogo,
ndipo kisanduku kigeuke kijani.

Mistari elfu moja mia mbili na sita.
Kijani: sifuri.

Nikalaumu kompyuta. Nikalaumu mtandao.
Kisha, maana usiku una mambo yake,
nikaanza kushuku kwamba miaka sita
nimekuwa nikizungumza na ukuta.

Nikautazama huo ukuta.
Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa,
na mdomo wangu, wenyewe, haukuulizwa,
ukasema: saa tatu.

Lo!

Miaka sita nimeandika kwa saa za mama yangu.
Saa tatu ya usiku, watu wamekula, vyombo vimeoshwa,
nimeandika tatu,
na wingu likaisoma tatu ya kwao,
saa ambayo mwizi na mwoka mikate ndio walio macho.
Wote hawa nimewabishia hodi,
mlango ni wenyewe, tarehe ni yenyewe,
wao wamelala fofofo.

Nikakaa kurekebisha. Za mchana naongeza sita.
Za usiku wa mapema, kumi na nane.
Ukishavuka usiku wa manane, napunguza sita.
Na za kiangazi, nchi hii inapozisogeza saa zake,
natoa moja zaidi.
Nilikosea mara mbili. Nikanywa chai. Nikaanza upya.
Nikabonyeza: landanisha.

Tartu, kijani. Azori, kijani.
Vitunguu vya Halifax, kijani,
kisha mfululizo, kama bisi kwenye sufuria.

Halafu mmoja wa karibu mno.
Umbali: kilomita sifuri nukta nne.
Eluned Pugh, mwenye duka,
aliyeniuzia daftari la kwanza akauliza la nini,
aliyenifundisha kushika kipaza sauti:
“Sema, Mwanakombo, usimumunye.”
Novemba ile, jaribio langu la kwanza,
yeye chumbani juu ya duka, mimi kwangu,
tungefungua madirisha tungesikizana.
Dakika nne. Mvua. Bei ya maziwa.
Kwamba waya wangu umelegea upande wa mti.

Alizikwa Machi.
Lakini mstari wake aliupakia usiku ule ule,
hakuwa mtu wa kulaza kazi,
na miaka sita umekaa huko juu, tisa kamili,
ukisubiri wangu,
nao wangu uko tatu, gizani,
unamsubiri yeye.

Imethibitishwa, kinasema kisanduku.
Sikujua nibonyeze nini baada ya hapo.

Duka lake sasa linatengeneza simu.
Daftari la tano nitaliagiza kwingine,
nilichore mwenyewe safu mbili za saa.
Na waya, kesho mvua ikipungua,
nitaukaza upande wa mti.