Habari za Saa Mbili

Juu ya meza: koti la bluu, hereni, poda.
Chini ya meza: kandambili,
na vumbi jekundu la Nkuhungu kwenye visigino.
Kamera haishuki huko.

"Habari za jioni, mtazamaji."
Kule Mvumi, mama alikuwa akiitikia.
Majirani ndio walionieleza: kiganja kwenye kioo,
"Nzuri, Nyemo. Umekula?"
nami, bila kumjibu, nimesharukia Bunge,
bei ya alizeti,
mvua iliyoiruka Bahi.

Miaka kumi na tisa nasalimia nisiowaona.
Barua ya onyo nimepata moja tu:
usiku ule wa taarifa ya njaa, ulimi uliponiteleza
nikafunga kwa "Mbukwenyi"
badala ya usiku mwema.
Kesho yake, sokoni Majengo,
muuza zabibu alikataa pesa yangu.

Arobaini ya mama ilikuwa juzi.
Leo taa imewaka, nasema, "Habari za jioni,"
kisha nanyamaza.
Sekunde tatu. Nne.
Chidumo ananifokea sikioni: "Soma! Soma, dada!"

Nimekula, mama.
Ugali wa uwele, na mlenda.

Nasoma.