Riali Arobaini

Karatasi imekuja Jumapili asubuhi,
imepigwa muhuri, imekunjwa mara mbili:
kifungu cha mafuta, kimefutwa;
kifungu cha karakana, kitaangaliwa mwakani.
Nimeisoma nimesimama, kahawa mkononi.
Kahawa imepoa.

Nina watoto kumi na tisa katika daftari.
Mimi nasema watoto. Mahakama husema wahusika.
Mmoja ana ndevu tatu,
anazihesabu kila siku asije akapunjwa.

Azzan bin Nabhan, miaka kumi na sita,
alitoa gari la mjomba wake usiku wa Ijumaa,
akalizungusha matairi yakalia,
vumbi likapanda, wenzake wakapiga picha,
mpaka likaingia dukani kwa muuza matairi.
Ajabu ya Mungu: matairi yakayapokea matairi.
Hakufa mtu. Kilivunjika kioo,
na jina la baba.

Hakimu alimtazama, akavua miwani, akamtazama tena.
Mwaka mmoja, nyumbani, chini ya uangalizi.
Uangalizi ni mimi.
Mimi na Korola yangu,
kilomita sitini na mbili toka Ibra hadi kwao,
sitini na mbili kurudi,
na tangu Jumapili, petroli ya mfukoni mwangu.

Bibi yake hunielekeza kwa simu, kwa Kiswahili
alichotoka nacho Wete akiwa na miaka tisa
na hajakipeleka kwa dobi hata leo.
“Ukifika kipilefti, mwanangu, zunguka, kisha ushike njia ya soko.”
Hukiita kipilefti bado, Bi Rayya,
japo huku kila gari hushika kulia,
na katikati yake pamesimamishwa buli la kahawa
refu kushinda mitende,
lina taa sitini, zinabadili rangi.
Nimeuliza. Taa zina kifungu chake.
Hakijaguswa.

Sisemi zizimwe.
Mji nao hupenda kujipamba, nani asiyependa?
Nimepiga hesabu tu, mgongoni mwa ile karatasi.
Riali arobaini kwa mwezi
ndizo zilizomweka Azzan karakanani kwa fundi Kunjumon
ajifunze viyoyozi.
Mwezi wa kwanza alilala juu ya maboksi.
Wa pili alikuja saa nne, saa tano, akinuka manukato.
Kunjumon hana Kiarabu cha kumgombeza,
humpa bisibisi, humwonyesha kwa kidole.
Mwezi wa tatu, mchana, Juni,
lami inanata viatuni, simu yangu ikalia:
“Ustadha, imepuliza.”
Nini?
“Baridi. Imepuliza baridi. Nimeifunga mimi.”

Nilitafuta pa kuliandika hilo katika fomu.
Kuna kisanduku cha mahudhurio,
kuna kisanduku cha makosa mapya.
Nikaandika: hakuna makosa mapya.

Mkutanoni Bwana Muhenna, mkuu wangu, si mtu mbaya,
alisema samaki mkunje angali mbichi,
wote wakatikisa vichwa, mimi pia.
Nilitaka kuuliza kitu kimoja,
huo mkono unaokunja hula wapi,
nikakuta chai imeshaletwa.

Jana nimekwenda.
Azzan yuko juu ya dari kwa bibi yake,
shati kalifunga kiunoni, bomba la shaba menoni.
Kunjumon amesema atamvumilia bure mpaka Idi.
Baada ya Idi? Kunjumon ana watoto wake, Kerala,
nao wana ada.
“Ustadha, shika ngazi,” kijana akaniambia.
Nikashika ngazi.
Mtumishi wa serikali, mkoba begani,
nimeshika ngazi robo saa nzima.

Kurudi ilikuwa usiku.
Nimelizunguka lile buli mara mbili, nimepitwa na njia,
kijani, zambarau, kijani,
na kwenye dashibodi sindano ya mafuta
imelala kushoto kabisa,
kitu pekee katika barabara hii
kinachotii jina la Bi Rayya.