Dirisha la Isevya

Dirisha hili alilitoboa Mwinamila mwenyewe,
kwa patasi ya kuazima, Jumapili moja ya kiangazi,
futi mbili kwenda juu, moja na nusu kwenda pembeni,
akapachika nondo, akaacha upenyo wa mkono.
Akasema: Nyamizi, pango la mjini basi,
duka liko sebuleni, mtoto unaye,
chungu kinachemka huku unahesabu.

Na kweli, kilichemka.
Mwaka wa kwanza nilijisifu hadi kwa wakwe:
naweka pesa, natoa pesa, nachambua mchele,
ubavu mmoja kazini, ubavu mmoja nyumbani.
Sikujua kuwa mtu akikaa hivyo muda mrefu
hupasukia katikati.

Isevya haina saa ya kulala.
Mwenye malipo ya tumbaku hubisha alfajiri.
Wa treni ya Kigoma hubisha saa nane usiku,
amekwama stesheni, anataka elfu kumi na tano tu.
Hodi, wakala. Wakala, hodi.
Kuna siku Mwinamila aliniita kwa jina langu
nikachelewa kuitika.

Kisha nikakosea tarakimu.
Saba badala ya moja,
na laki tatu na themanini zikaenda kwa mtu wa Urambo
ambaye simu yake haikuita tena.
Nililipa kwa miezi minne.
Ila ile saba haikulipika,
iliingia kitandani, ikalala kati yetu,
kila nikigeuka inanichoma kwa pembe yake.
Nikawa naosha mchele mara tatu,
natia chumvi, nasahau, natia tena,
nimesujudu, na kichwani napiga hesabu ya floti.

Nilikwenda Kitete, nikasema moyo unanidunda.
Muuguzi akapima presha,
akautazama mkoba wangu uliokuwa ukitetemeka,
akauliza: Hiyo huwa inazimwa?
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Lakini aliyenikamata hasa ni Kalunde.
Darasa la pili, waliambiwa wachore nyumbani.
Akachora dirisha, nondo tano,
na mkono wa mtu wa nje, vidole wazi.
Nikamuuliza, mimi niko wapi?
Akasema: Upo, mama. Uko nyuma ya karatasi.
Nikaigeuza.
Ilikuwa nyeupe.

Nikakata kitenge changu cha kanga weupe,
kile nilichokiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu,
nikakipinda kwa sindano, nikakitundika dirishani.
Magharibi ikiadhiniwa, nakishusha.
Simu nikaizima, nikaitia kwenye debe la unga.

Usiku wa kwanza walibisha watu kumi na mmoja.
Niliwahesabu, ndiyo. Ugonjwa hautoki kwa siku moja.
Nililala kama mwizi ndani ya nyumba yangu,
pumzi nimeibana, jasho hadi kwenye nyayo.
Usiku wa tatu alibisha mama Sizya,
binti yake ameshikwa na uchungu, bajaji inasubiri.
Nilifungua. Ningefungua tena.
Kesho yake akaja kijana wa vocha ya mia tano:
mbona mama Sizya ulimfungulia?
Sikuwa na jibu zuri. Nikaendelea kula.

Wateja wengine wamehamia kwa Kapalata, mtaa wa pili.
Nyama sasa tunaila Ijumaa.
Mwinamila alinuna wiki nzima,
kisha jioni moja nikamkuta amesimama juu ya kigoda,
anakaza msumari wa pazia uliolegea,
hasemi kitu.

Na jana mvua ilinyesha, bati likapiga kelele,
tukakaa mkekani na sahani ya matobolwa na karanga.
Kati ya ngurumo mbili nikasikia hodi,
au labda ni mfereji.
Kalunde akanitazama, akasubiri.
Nikamwongezea karanga kiganjani,
saba, nadhani, au nane.
Sikurudia kuhesabu.