Kuumbua

Mwanamkasi wa Kidato cha Tatu aliuliza, chaki yangu ikiwa hewani:
"Mwalimu, neno hilo kwa Kiswahili twasemaje?"
Kengele ikaniokoa.
Nikarudi Barabara ya Kumi na Nne na deni,
deni la neno moja,
nikaliweka mezani kando ya madaftari arobaini na mawili.

Kamusi ya shule inasema: *kubadili asili*.
Si uongo. Ila ni maneno ya karani,
hayana moto ndani yake.

Nikavunja yai.
Ute ukatambaa kikaangoni kama maji,
unaona hadi weusi wa chuma,
kisha ukingoni ukaanza kupauka, kushikana, kuwa mgeni.
Sikuongeza kitu. Sikutoa.
Shanga ni zile zile, zimefuatana vile vile uzini;
kilichokwenda ni mkunjo.

Kunja, kunjua.
Funga, fungua.
Ziba, zibua.
Lugha yetu imeweka kitasa mwishoni mwa kitenzi,
ukikizungusha kidogo tu mlango unarudi ulikotoka.
Nikajaribu: umba.
Umba,
umbua.

Nikacheka peke yangu, yai likaungua.
Maana neno hili tumelizoea kwingine:
aliyekwenda arusini Makorora na mkufu wa kuazima,
mwenye mkufu akaudai mbele ya kungwi.
Huyo kaumbuliwa.
Naye protini je? Umbo lilikuwa ndiyo kazi yake.
Mkono usio na kiganja utashika nini?

Mama alifanya kazi maabara ya Bombo
enzi za taa ya spiriti na vibanio vya mbao.
Wajawazito walimletea mkojo katika chupa za dawa ya kikohozi.
Aliuchemsha mrija sehemu ya juu, ya chini akaiacha
iwe shahidi.
Ukibaki mwangavu: "Nenda mwanangu, kula mchicha."
Ukitanda wingu
alidondosha asidi ya siki, tone, tone, tone.
Wingu la chumvi hutoweka.
La protini hubaki, linakukodolea macho.
"Leo hurudi Mikanjuni," alisema. "Kitanda kipo."
Figo ilikuwa imeficha, moto ukaiumbua,
na mtoto fulani akazaliwa mzima kwa sababu ya fedheha ile.

Na spiriti yenyewe, ile ya zambarau:
huko kiwandani waliitia sumu makusudi isinyweke,
pombe iliyoumbuliwa kabla haijaumbua watu.
Mjomba Semkiwa aliichuja kwa mkate.
Sitaki kusema mengi.
Alikufa akiuliza kwa nini hatuwashi taa,
nayo ilikuwa saa saba mchana.

Siku hizi vijana wa maabara wana mashine isiyozidi birika.
Huupasha urithi wa kiumbe hadi nyuzi tisini na tano,
na zile kamba mbili zilizosokotana tangu tumboni
zinaachana bila kelele.
Ipoze. Zinatafutana gizani,
jozi kwa jozi, kila herufi na mwenzake, zinarudiana.
Hiyo ni talaka rejea.
Yai ni talaka tatu.

Yangu sijui ni ipi.
Hatibu amepiga simu mara mbili wiki hii,
sauti imepoa, anaulizia pasi yake ya mkaa
kana kwamba kuna mtu bado anapiga pasi ya mkaa.
Eda ina siku kumi na moja zilizobaki.
Nimelila yai, upande ulioungua, kwa chumvi nyingi.

Kesho nitaandika ubaoni:
*Kuumbua: kukitoa kitu katika umbo lake
kwa joto, asidi, chumvi au pombe,
pasipo kuukata mnyororo wake.*
Watanakili. Watapiga mstari kwa rula.
Kisha Mwanamkasi atanyoosha mkono, namjua,
"Mwalimu, je, hurudi?"

Na kipindi ni dakika arobaini tu.